Wenye steshenari na ofisi, tukague faili kabla ya kulifungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ninalokutana nalo kila siku kazini, na ambalo naamini linawagusa wasomaji wako wengi: namna tunavyofungua mafaili ya kompyuta tusiyoyajua, na ushauri nusunusu unaozunguka kuhusu kuyakagua.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro, upande wa Msamvu karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa, naskani, naandaa barua na CV, na nawajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu. Zamani wateja walikuja na flashi. Sasa wengi wanasimama kaunta na simu mkononi wananiambia, "Kaka, nimekutumia WhatsApp, nitolee kopi mbili." Kwa hiyo kutwa nzima kompyuta zangu zinafungua mafaili ya watu nisiowajua, ambao nao wametumiwa na watu wasiowajua. Na kompyuta hizo hizo ndizo zinazopitisha vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya mitihani na nywila za akaunti za ajira za watu wa mji huu. Kirusi kikiingia hapa hakinidhuru mimi peke yangu.

Ushauri unaozunguka unahusu VirusTotal, tovuti ya kukagulia mafaili, nao ni huu: "Ukilitilia shaka faili, lipakie VirusTotal. Ikileta sifuri, fungua, liko salama." Mafundi wanausema, vijana wa vyuo wanausema, na nimeukuta umebandikwa ukutani katika ofisi moja nilikoitwa kutazama printa. Nusu ya kwanza ya ushauri huo inafaa kwa masharti. Nusu ya pili ni hatari, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mwaka huu alinijia mwalimu mmoja wa sekondari, ana haraka, muda wa mapumziko unaisha. Alikuwa ametumiwa kwa barua pepe ujumbe unaosema jina lake limo katika orodha ya walioitwa kwenye usaili. Orodha yenyewe ilikuwa ndani ya faili la zip, yaani faili linalofungasha mengine ndani yake, na nywila ya kulifungua ilikuwa imeandikwa humo humo kwenye ujumbe. Alijaribu kulifungua kwenye simu, simu ikakataa. Akaja kwangu.

Hapo naomba wenzangu wa steshenari wanisikilize vizuri. Simu ilikataa kwa sababu lile faili lilikuwa programu ya Windows, na simu ya Android haina uwezo wa kuendesha programu ya Windows. Mteja hajui hivyo. Yeye anaona simu yake ni ya bei rahisi, anaona "haifungui", anatafuta mwenye kompyuta. Ndiyo kusema mafaili mabaya kabisa, yale ambayo simu za mjini zimeshayashindwa, yanakusanyika kwenye meza zetu. Mteja akisema, "Kwenye simu limegoma," mimi huwa naondoa mkono kwenye mausi kwanza.

Nikamwambia, "Mwalimu, subiri kidogo tulitazame."

"Kaka, usaili wenyewe ni keshokutwa, na kengele inakaribia kugonga."

Nina laptopu ya zamani ambayo haina intaneti na haina kazi ya mteja yeyote ndani yake. Faili la mashaka linafunguliwa humo. Nililitoa kwenye zip, nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. Picha ya faili ilikuwa ile nyekundu ya PDF. Jina lilikuwa la orodha ya usaili, na mwishoni likasomeka ".pdf". Kwa macho tu, kila kitu kilikuwa sawa. Lakini nilipolipanga dirisha lionyeshe maelezo kwa safu, chini ya safu ya "Type" palikuwa pameandikwa "Application". Nikaenda juu kwenye "View", nikawasha "File name extensions". Jina likarefuka: mwisho wake wa kweli haukuwa .pdf, ulikuwa .pdf.exe, na .exe ndiyo alama ya programu.

Mwalimu akaniuliza mbona picha ni ya PDF. Picha anaiweka aliyetengeneza programu, anachagua anayoitaka. Na Windows, tangu zamani hadi leo, ikitoka kiwandani inaficha kile kipande cha mwisho cha jina kwa mafaili inayoyafahamu. Ukiandika jina "orodha.pdf.exe", mtumiaji anaona "orodha.pdf". Hila hii ina umri wa robo karne. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino kilizunguka dunia kwa barua pepe kikiwa na kiambatisho kinachoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona .TXT, wakadhani ni barua ya maandishi matupu, wakabofya. Mamilioni ya kompyuta yalidhurika kwa siku chache. Kipande cha .vbs, kinachoonyesha kwamba faili ni programu, kilikuwepo kwenye jina tangu mwanzo. Kompyuta ndiyo ilikificha. Sielewi kwa nini hadi leo, miaka yote hii, mpangilio huo haujabadilishwa kuwa wazi kwa kila mtu. Wapo watakaosema watumiaji watachanganyikiwa. Mimi naona wanachanganyikiwa zaidi wanapoonyeshwa jina pungufu.

Kwa faili la mwalimu, ukaguzi ulikuwa umekwisha hapo. Orodha ya majina haiwezi kuwa programu. Hakuna haja ya kuuliza tovuti yoyote. Lakini nilitaka aone kile ninachokieleza katika barua hii, kwa hiyo nikaendelea.

Kila faili linaweza kukokotolewa likatoa namba yake, ambayo mafundi wanaiita heshi. Ile ya aina ya SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Mafaili mawili yanayofanana kila kitu yatatoa heshi moja. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, heshi inabadilika yote. Kwenye Windows huhitaji kununua wala kupakua chochote ili kuipata. Unafungua dirisha jeusi la amri katika folda lilipo faili, unaandika:

certutil -hashfile "jina la faili" SHA256

Inakuja mistari mitatu, wa katikati ndio heshi. Kwa kuwa ile laptopu haina intaneti, niliiandika heshi kwenye faili la maandishi, nikaihamisha, nikaibandika kwenye sehemu ya kutafutia ya VirusTotal. Nisisitize: niliingiza heshi, sikupakia faili. Nitarudi kwenye tofauti hiyo.

Jibu lilikuja kwamba faili hilo limeshapelekwa na mtu mwingine. VirusTotal ilianzishwa Málaga, Hispania, mwaka 2004, na Google wakainunua mwaka 2012. Kazi yake ni kulipitisha faili moja kwenye programu za kuzuia virusi zaidi ya 70 za kampuni mbalimbali na kukuonyesha kila moja imesema nini. Kwa faili la mwalimu, chache tu ndizo zilizoweka alama nyekundu. Nyingine zote, zikiwemo zenye majina makubwa, ziliandika kwamba hazijaona kitu. Siku chache baadaye nikaitafuta heshi ile ile. Zaidi ya nusu zilikuwa zimegeuka nyekundu.

Faili halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni ujuzi wa wakaguzi. Mhalifu anapotoa kirusi kipya, kwanza anakijaribu kwa siri mpaka aone hakigunduliwi, ndipo anakituma. Saa za kwanza na siku za kwanza ndizo salama kwake na mbaya kwetu, na hizo ndizo siku ambazo ujumbe unasambaa kwa kasi kwenye magrupu. Sasa mtu aliyefundishwa kwamba "ikileta sifuri fungua" angefanya nini siku ile? Sifuri ya VirusTotal maana yake ni kwamba hadi dakika hiyo hakuna aliyelitambua. Haina maana nyingine.

Na upande wa pili upo. Kuna kijana anayetengeneza programu ndogo za mauzo kwa ajili ya maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Programu zake ni safi, ila hajalipia cheti cha sahihi ya kidijitali, na zinatumika na watu wachache. Ukizipeleka VirusTotal, moja au mbili kati ya zile sabini zinapiga kelele, tena kwa majina ya jumla jumla yanayoonyesha kwamba kompyuta imekisia tu. Mteja anaona nyekundu, anamwita kijana mwizi. Huo nao ni usomaji mbaya. Ukiona alama moja au mbili, soma majina waliyolipa faili. Kama kampuni kadhaa zinazofahamika zinataja aina moja ya kirusi, amini. Kama ni moja tu nayo inakisia, mpigie aliyetengeneza, akusomee heshi ya faili alilolitoa yeye, ulinganishe na lako. Zikilingana, umepata faili lake halisi na swali linabaki kama unamwamini yeye. Zisipolingana, faili limeguswa njiani.

Kuna jibu la tatu, ambalo watu wanalisoma vibaya kuliko yote: heshi haipatikani. Hilo linamaanisha kwamba hakuna aliyewahi kulipeleka faili hilo pale. Kwa barua yako uliyoichapa leo asubuhi, ni kawaida. Lakini umepewa faili unaloambiwa ni la kusimika programu maarufu inayotumiwa na watu dunia nzima, halafu heshi yake haijulikani popote? Kuna uwezekano mkubwa hilo silo faili la kampuni hiyo. Acha.

Sasa niseme kuhusu kupakia, kwa maana hapa ndipo ninapoona madhara yanafanywa na watu wenye nia njema. Faili unalolipakia VirusTotal halibaki kati yako na wao. Utaratibu wao, na wameueleza wazi, ni kwamba faili linashirikishwa kwa kampuni za usalama, na wateja wao wanaolipia wanaweza kulipakua. Kwa kirusi, hilo ni jambo jema kabisa, ndiyo njia ya kirusi kujulikana. Kwa CV ya mtu yenye namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, majibu ya hospitali au mkataba wa nyumba, ni kumwanika mwenye karatasi mbele ya watu asiowajua, na huwezi kuirudisha. Nimeshuhudia ofisi ambayo karani wake, kwa kufuata tangazo lile la ukutani, alikuwa anapakia huko kila kiambatisho kilichoingia kwenye barua pepe, barua za malalamiko ya wananchi zikiwemo. Alikuwa anafanya kazi kwa bidii, maskini, na alidhani analinda ofisi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za mteja si zangu kuzisambaza, hata kwa nia ya ukaguzi.

Ndiyo maana nasema: tafuta kwa heshi kwanza. Heshi haina jina la mtu ndani yake, na kutoka kwenye heshi huwezi kulirudisha faili. Kupakia kubaki kwa mafaili ambayo hayana siri ya mtu: programu uliyoipakua, kiambatisho kilichotoka kwa mgeni kikijidai ni ankara. Kama faili ni la mteja na lina mambo yake, mwulize mwenyewe kabla hujalipeleka popote.

Nywila ndani ya ujumbe nayo isemewe. Mtu anayekutumia zip yenye nywila, kisha akakupa nywila hiyo hapo hapo chini, hajaficha kitu kwako wala kwa mtu mwingine atakayeusoma ujumbe. Aliyefichwa ni mkaguzi wa barua pepe, kwa sababu mashine inayochuja virusi haiwezi kuchungulia ndani ya zip iliyofungwa. Ofisi chache zinafanya hivyo kwa sababu halali. Zip za namna hiyo ninazoziona zikija kaunta kwangu, nyingi ni za wahalifu. Kadhalika zip ndogo ya MB chache ambayo ukiifungua inatoka programu ya MB 700. Wameijaza sifuri tupu ili iwe nzito, kwa kuwa wakaguzi wengi wanaruka mafaili makubwa, na VirusTotal yenyewe haipokei zaidi ya MB 650.

Nirudi kwenye flashi, maana hazijaisha, hasa kwa walimu na wanafunzi wa vyuo. Kila mwenye steshenari anakijua kirusi cha shotikati. Mtu anachomeka flashi yenye tasnifu yake, anakuta folda zote zina kimshale kidogo pembeni na kila moja ina uzito wa KB moja au mbili. Anabofya, inafunguka kama kawaida, kumbe kila akibofya anakiendesha kirusi na kukipeleka kwenye kompyuta. Folda zake halisi zipo humo humo, zimefichwa tu. Nimeona wanafunzi wakilia kaunta wakidhani kazi ya mwaka mzima imepotea, na nimesikia fundi akimwambia mmoja wao dawa ni kufomati, yaani kuifuta flashi yote. Usiformati, mdogo wangu. Usibofye chochote chenye mshale. Fungua dirisha la amri, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Folda halisi zitajitokeza, zikiwa zimekaa pembeni ya zile za mshale. Hapo futa za mshale, pamoja na mafaili ya .vbs au .js usiyoyajua, kisha ipitishe flashi kwenye mkaguzi wa virusi kabla ya kuichomeka kwingine. Hakikisha herufi ni ya flashi yako. Ukiweka C utakuwa unaichokonoa kompyuta yenyewe.

Flashi ina ubaya mwingine ambao hata baadhi ya mafundi hawaujui. Faili likipakuliwa kutoka kwenye intaneti, Windows inalibandika alama ya siri inayosema limetoka nje. Kwa alama hiyo, tangu mwaka 2022 Word na Excel za kisasa zinazuia makro za mafaili ya namna hiyo, yaani zile amri zinazojiendesha ndani ya waraka, ambazo ndizo zimekuwa mlango wa virusi kwa miaka mingi. Lakini flashi zetu nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na mfumo huo hauhifadhi alama ile. Waraka ukipakuliwa kwa jirani, ukawekwa kwenye flashi, ukifika kwangu unaonekana umezaliwa humu ndani. Basi waraka wa Word unaokuomba ubonyeze "Enable Content" ili uweze kuusoma, usiutii. Barua ya kawaida inasomeka bila amri yoyote. Nikikutana nao hivyo, namwomba mteja arudi kwa aliyemtumia aletewe PDF.

Hata PDF iliyo safi kwa jina inafaa kutazamwa. Kwa faili dogo unaweza kulifungua na Notepad, ile programu ya maandishi matupu. Litatoka la ajabu ajabu, usijali, tazama herufi za mwanzo kabisa. PDF ya kweli huanza na %PDF. Zip, na pia nyaraka za Word za .docx, huanza na PK. Programu ya Windows huanza na MZ. Jina unaweza kulibadilisha utakavyo. Zile herufi za mwanzo ndizo zinazosema ni kitu gani, na kulifungua faili kwa Notepad hakuliendeshi.

Mlango mpana kuliko yote, Mhariri, nasikitika kusema, tunaufungua wenyewe. Ni programu za wizi. Kompyuta nyingi mitaani zina Windows na Office zilizoamshwa kwa vifaa vya kuvunja leseni, na maelekezo ya vifaa hivyo yanaanza na sentensi moja: zima antivairasi kwanza. Watu wanazima, wanasimika, wanasahau kuwasha. Mimi siviweki vifaa hivyo kwa mteja hata akiongeza hela, na wapo walioniacha wakaenda kwingine. Asiyeweza kulipia Office atumie LibreOffice, ni bure na inafungua nyaraka zake zote za kawaida. Programu inayokutaka uondoe mlinzi kabla haijaingia imeshakujibu swali lako. Na virusi vingi vya siku hizi havipigi kelele kama vya zamani. Havifuti chochote, kompyuta haiwi nzito. Vinaokota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vinazituma, basi. Mei 2025 Microsoft walipotangaza kuzima mitambo ya kimoja cha aina hiyo kiitwacho Lumma, walisema katika miezi miwili tu walikuwa wamekikuta kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 duniani. Wengi wa wenye kompyuta hizo walikuwa wanaendelea na kazi zao bila kuhisi kitu.

Kama huna uhakika antivairasi yako inafanya kazi, lipo faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu. Halina madhara yoyote. Kampuni zote zilikubaliana kulikamata kana kwamba ni kirusi, ili mtu apime. Liweke kwenye kompyuta. Likikaa kimya bila kuguswa, mlinzi wako amelala.

Kwa simu sitasema mengi. Faili linaloishia na .apk ni programu, hata kama limeitwa kadi ya mwaliko. Indonesia mwaka 2023 watu waliibiwa fedha benki kwa APK zilizosambazwa WhatsApp zikijiita mwaliko wa harusi. Kadi ya harusi ni picha au PDF. Mwenye sherehe akikutumia .apk, mpigie simu umwulize michango kwa sauti.

Na kwa aliyekwisha kufungua: chomoa intaneti kwanza, usizime haraka ukadhani imeisha. Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kisha benki na fedha za simu. Ofisini, mwambie mkuu wako siku ile ile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, polisi wapo, na TCRA wana kitengo chao cha TZ-CERT kwa matukio ya namna hii. Tunanyamaza kwa aibu, na wakati tumenyamaza barua pepe zetu zinatuma faili lile lile kwa watu wote tunaowajua.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa ofisi, shule na vyuo vinavyotangaza orodha na fomu. Wekeni nyaraka zenu kwenye tovuti zenu wenyewe, kwa PDF, bila zip na bila nywila, na kwenye magrupu mtume kiungo cha kwenda huko. Mnapoachia fomu ziranderande kutoka grupu hadi grupu bila kujulikana ya asili ni ipi, mnawatengenezea wahalifu njia. Yule mwalimu alikuwa na haki ya kuamini ujumbe ule, kwa sababu ujumbe halali alioupata mwaka uliotangulia ulikuja kwa mtindo ule ule, zip na kila kitu. Tulipoitafuta orodha ya kweli kwenye tovuti ya mwajiri, tuliikuta. Jina lake halikuwemo. Alinyamaza kidogo, akalipia muda wa intaneti, akarudi darasani.

La pili ni kwa walimu wa kompyuta. Kabla mwanafunzi hajafundishwa kukoleza maandishi na kupanga jedwali, afundishwe kuwasha "File name extensions" na kusoma jina la faili mpaka herufi ya mwisho. Ni somo la dakika tano. Wanafunzi wanaokuja kufanya mazoezi ya vitendo hapa kwangu wanaanzia hapo, na naomba wanaoandaa masomo ya kompyuta kwa sekondari waliweke somo hilo katika wiki ya kwanza.

Wako msomaji,
Mwenye steshenari, Msamvu, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)